Gari la Shemhilu Lililotetemeka

Bwana Shemhilu wa Korogwe alikuwa na gari la kifahari asilomwazima hata mamake. Fundi Chambuso alipomwomba limfikishe binti yake, Mwantumu, ukweni Muheza, alijibiwa, "Gari langu halibebi maharusi. Mkodie bajaji!"

Asubuhi ya harusi gari hilo likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, na fundi pekee aliyethubutu kuligusa alikuwa Chambuso. Alifungua boneti, akaingiza mkono, akaguna.

"Ugonjwa huu hauonekani gari likiwa limesimama, bosi. Endesha tulisikilize barabarani."

"Na huo utepe unaofunga mbele?"

"Utepe ukicheza, nitajua mtetemo unatoka upande gani."

Walipofika kwenye kona, Chambuso akasema injini haisemi kweli bila mzigo. Wakapakia wanawake watatu waliojifunika mabaibui.

"Mbona sisikii kitu?" aliuliza Shemhilu.

"Subiri mlima. Na piga honi, bosi. Honi inakula umeme. Kama ugonjwa ni wa umeme, utajitokeza."

Shemhilu akapiga honi mpaka Muheza. Mbele ya nyumba moja vigelegele vikalipuka, ngoma zikaitika, na kwenye kiti cha nyuma baibui moja likavuliwa. Mwantumu alikuwa amepambwa kwa hina na dhahabu.

"Chambuso! Na mtetemo?"

"Waya wa plagi ulikuwa umelegea, bosi. Niliukaza kwa vidole kabla sijafunga utepe. Sasa shuka taratibu, wakwe zangu wanakuja kumbeba dereva."