Kwa Nini Watu wa Chilonde Hudandia Treni Konani

Hebu niambie, wewe unayetucheka: unajua kwa nini watu wa Chilonde hudandia treni ikitembea, pale kona ya kisima, ilhali stesheni tunayo?

Zamani treni ilikuwa inasimama, tena dakika ishirini nzima. Stesheni ilikuwa na kengele, bomba la maji baridi, ofisi ya mizigo na chumba cha akina mama wenye wachanga. Mkuu wa stesheni, Bwana Ndahani, alimjua kila abiria hadi jina la babu yake.

Siku moja ikaja barua: mkaguzi atapita Alhamisi kuikagua stesheni. Full stop. Sasa, sisi Wachilonde tuna ugonjwa mmoja, nao ni mgeni. Mgeni akija, uwanja unafagiwa, mbuzi wanaswagwa mbali, na wenyeji wanangoja ndani hadi aketi, anywe maji, atulie. Kumjazania mlangoni ni aibu. Basi Bwana Ndahani akawasihi abiria wote wampishe mgeni, nao wakakubali, very polite people.

Akabaki Bi Mbeleje, mjane wa rafiki yake, mguu una kidonda, umevimba hadi ngozi inang'aa, cheti cha daktari mkononi.

"Shemeji, mguu huu haujui ugeni."

"Leo tu, shemeji. Kesho nitakupandisha mwenyewe, first class."

"First class na kidonda? Haya. Ila hiyo kesho yako isije ikawa ya serikali."

Akajikokota nyuma ya ghala, akakaa na wenzake kimya. Hata majogoo walifunikwa vikapu.

Mkaguzi akashuka. Akakuta sakafu inameremeta, maua kwenye kopo, na mtu mmoja mwenye kofia akipiga saluti. Akaandika: No passengers. Akapanda. Maji hakuyagusa.

Kesho yake treni ilipunguza mwendo konani, ikaipita stesheni. Bwana Ndahani akakimbia kando yake akipunga kofia. Dereva akachungulia dirishani: "Samahani, mzee! Nimeambiwa hapa hamna watu!"

Siku ya tatu wanaume wanne walimbeba Bi Mbeleje hadi kona ya kisima, wakamtupa mlangoni mwa treni kama gunia la karanga. Hospitali alifika. Mguu haukurudi naye.

Basi toka Alhamisi ile, Chilonde hupandia konani: wazee, wajawazito, na sisi wenye vyeti ndani ya bahasha tunaokimbilia usaili wa kazi ambazo wenyewe wameshagawana. Kwenye chumba cha akina mama wanalala mbuzi. Nimechoka kueleza, kwa kweli.

Ninyi mliokalia ile karatasi ya mkaguzi, ichaneni. Mkitaka kutuhesabu, njooni bila kutuambia. Na treni isimame. Sio kesho.