Tope Lenye Pembe

Hadithi iko mlangoni!
— Ipite ndani!
Ikiingia mtacheka?
— Tutacheka!
Na mkimaliza kucheka?
— Tutaona mbele kwa mbele!

Haya. Alikuwepo Nyati dume, pande la mnyama, shingo kama gogo. Akila hashibi, akishiba haachi. Asubuhi moja mkewe Nyamizi alikutwa mlangoni amekufa, ana tundu ubavuni.

Nyati akasema, "Aliteleza kwenye tope."

Swala akasema aliteleza. Ngiri akasema aliteleza. Mama Pundamilia, aliyeosha maiti na kuliona lile tundu, naye akasema jamani, aliteleza.

Pimbi alisikia akiwa juu ya jiwe lake. Nyamizi alikuwa shoga yake. Mwaka mzima alimwona anachechemea, na kila akimuuliza anajibiwa, "Nimeteleza tu, shoga." Pimbi hakuuliza zaidi. Hilo ndilo lililomuuma.

Siku ya kumaliza matanga, Nyati, yuko kwenye sinia la tano, akafuta mdomo. "Nimefiwa mimi! Nani atanifuta machozi? Nipeni Kabula, mdogo wa marehemu."

Kabula akajibanza nyuma ya Mama Pundamilia.

Sasa, barazani kwao jike hasemi. Ndiyo sheria. Lakini ukoo wa Pimbi na ukoo wa Nyati ni watani, na mtani msibani husema atakalo, hushika atakacho, wala haachii mpaka apewe anachodai. Mfiwa akikasirika, wote huinuka na kumwachia msiba wake.

Pimbi akashuka jiweni, tipu-tipu-tipu. Akajitanda kanga ya marehemu, inaburuta. Akamdaka Kabula mguu.

"Nimemshika! Huyu hatoki mpaka nikombolewe!"

"Mpeni mahindi mtani," Nyati akasema.

"Mahindi kapike mwenyewe, mtani wangu. Mimi nataka unionyeshe tope."

"Tope gani?"

"Alilotelezea shoga yangu!"

Miezi minne mvua haijagusa ardhi. Pimbi akainama akapiga chini: puu! Vumbi. "Si hapa." Akasogea, puu! Vumbi. "Wala hapa. Mjomba Swala, wewe si ulisema aliteleza? Hebu nisaidie, lilikuwa wapi?"

Swala akatazama kwato zake.

Pimbi akavimbisha shingo, akatembea kama Nyati, di! di! di! "Basi lile tope likaingia ndani! Likauliza, 'Chakula kiko wapi?' Likaonja, likasema chumvi imezidi! Tope lina shingo, jamani! Tope lina pembe!"

Wakacheka. Kwa-kwa-kwa! Ngiri akagaragara. Mama Pundamilia akacheka mpaka akalia, kisha akawa analia tu.

Nyati macho yakaiva. Akikasirika, amevunja mila. Akaona bora acheke naye: he! he! he!

"Nionyeshe tope, mtani, nimwachie."

"He! he! Mchukue, mchukue! Una maneno wewe!"

Pimbi hakungoja aambiwe tena. Akamtoa Kabula mbio, akamfikisha kwa shangazi zake ng'ambo ya majabali. Akarudi. Akadhani atakuta wamemzunguka Nyati, wanamuuliza habari ya lile tundu. Akakuta wanafuta machozi ya kicheko.

"Huyu Pimbi atatuua!"

"Dada, ile ya chumvi irudie!"

Kabla mvua hazijaanza, Nyati akaoa binti mwingine. Pimbi alikuwepo harusini, mikono mapajani. Harusini mtani hana ruhusa ya kumshika mtu. Mpaka afe mtu kwanza.

Akaitwa kwa Ngiri: mke wake ameteleza. Akaitwa kwa Nyani: binti ameteleza. "Njoo, dada, msiba umepoa." Anakwenda, anachekesha, anarudi na kanga ya marehemu. Anazo saba sasa, zote zinamburuta.

Juzi kaitwa tena kwa Nyati. Njia nzima alikuwa anainama, anapiga ardhi. Puu! Vumbi. Puu! Vumbi.

Hadithi yangu imetokea mlango ilioingilia. Mmecheka?
— Tumecheka!
Haya, nendeni zenu.

Lakini chukueni na funzo, msije mkasema nimewapotezea muda: wanawake, tazameni mnapokanyaga. Tope la kiangazi linateleza sana.