Kilio cha Mtungini

Hapo zamani za kale, wakati wanyama bado wanajenga nyumba, wanatandika mikeka na kualikana karamu, aliishi kifaru mmoja tajiri aitwaye Mwinyi Pembe. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ua wake mkubwa, na sauti yake kubwa kuliko vyote viwili. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kipembe.

Uani kwa Mwinyi Pembe alikuwapo mama mmoja nguchiro, mjane, kazi yake kutwanga. Tu! Tu! Tu! Mchi unapanda, mchi unashuka, tangu jogoo la kwanza. Naye alikuwa na mwanawe, Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na ulimi wake haujui kupumzika.

Kipembe na Nguchiro walikua pamoja. Mwinyi Pembe hakupenda hata kidogo.

"Mtoto wa bwana hachezi na mtoto wa mtwangaji!" alisema.

Basi wakawa wanacheza nyuma ya jiko. Kipembe akipewa kiazi cha kuchoma, hula nusu, na nusu humfichia mwenzake. Walizoea hivyo, wala hakuna aliyemwambia mwenzake asante.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaojikuna huko nyuma. Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: kijana akitaka kuhesabiwa mtu mzima, lazima atogwe sikio. Mtogaji alikuwa Mzee Nungunungu, naye alitumia mwiba wa mgongoni mwake mwenyewe. Vijana waliingia kumbini wawili wawili, wazee wakakaa nje ya ua wa makuti wametega masikio. Ukinyamaza, siku ya kutoka kumbini utaketi pamoja na wazee kwenye mkeka wa karamu, kwa Mwinyi Pembe, na mama yako ataitwa aketi karibu nawe, atunzwe kanga. Ukilia, mkeka utauona kwa macho tu, na kazi yako itakuwa kuwanawisha mikono walioketi. Na ya kumbini hayatoki kumbini. Mzee Nungunungu alikula kiapo asiseme neno.

Mama Nguchiro, mkeka ule aliufagia kila siku, lakini hakuwahi kuukalia.

"Mwanangu," alimwambia Nguchiro asubuhi ya kutogwa, "usije ukalia. Nami nikae mkekani, hata mara moja."

"Mama, hata mwiba utokee sikio la pili, mimi sipepesi jicho!"

Wakaingia, yeye na Kipembe. Nguchiro akatangulia. Chwi! Mwiba ukaingia, ukatoka, mwenyewe anapiga mluzi.

Ikaja zamu ya Kipembe. Jamani! Ngozi ya kifaru ni nene, mkuki wenyewe huikimbia, lakini masikio yake ni laini kama ya mtu yeyote. Alipouona ule mwiba, akarudi nyuma.

"Fumba macho," Nguchiro akamnong'oneza.

Akafumba. Chwi!

"UWIIII! Mama yangu weee!"

Ua wa makuti ukatikisika. Huko nje wazee wakaruka.

"Mwoga gani huyo?" akanguruma Mwinyi Pembe.

"Sauti nzito hiyo," alisema Tembo, mkubwa wa wazee. "Huyo ni mnyama mkubwa."

Kipembe akajikunyata, machozi yanamtiririka. "Nimekwisha! Nguchiro, ndugu yangu, baba atanifukuza nyumbani. Nimekwisha!"

Nguchiro akatazama huku, akatazama kule. Pembeni palikuwa na mtungi wa maji. Akaumwaga, mwaa! Akaingiza kichwa mpaka mabegani, akatoka nje akijigonga kwenye nguzo, ko! ko!

"Wazee wangu, nisameheni! Ni mimi!" Sauti ilitoka mtungini nzito kama ya fahali. "Niliogopa nikajificha humu. UWIIII! Mnaisikia? UWIIII!"

Wazee wakatazamana. Kisha wakaangua kicheko! Tembo alicheka mpaka mkonga ukajifunga fundo. Nyati akalala chali.

"Kumbe ni kadudu haka! Kametutisha bure!"

Mwinyi Pembe alicheka kuliko wote. "Nilijua tu! Damu ya mtwangaji hiyo. Mwanangu mimi alie? Thubutu!"

Kipembe aliyasikia yote kule ndani. Akafuta machozi, akatoka kifua mbele, wakampigia makofi. Naye akayapokea.

Jioni akamfuata mwenzake nyuma ya jiko.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Nilitaka kujua mtungi una nini ndani," Nguchiro akacheka. "Sikiliza. Nikilia mimi, watu watacheka, kesho wameshasahau. Ukilia wewe, baba yako hatasahau mpaka aingie kaburini. Tena viazi vyako nimevila vingi."

"Na mama yako?"

Hapo ule ulimi usiojua kupumzika ukapumzika.

"Nimemwambia mkeka wenyewe una kunguni," akasema mwishowe.

"Akasemaje?"

"Amerudi kwenye kinu."

Siku ya kutoka ikafika. Masinia yakajipanga: wali wa nazi, maharage, ndizi za kila namna. Kipembe aliketi katikati ya baba yake na Tembo, kanzu mpya, kofia mpya. Mama yake alikuwa ametunzwa kanga hata hajui azivae vipi.

Nguchiro akapita na birika na bakuli, akiwanawisha mmoja mmoja.

"Haya, Bwana Mtungi!" Nyati akamtania. "Maji yakiwa ya baridi, usije ukalia!"

Wakacheka, na Nguchiro akacheka nao. Alipofika kwa Kipembe akammiminia maji, akamkonyeza jicho, akapita.

Na kule uani: Tu! Tu! Tu!

Kipembe akafinyanga tonge, akalitia mdomoni. Halikuteremka. Alijaribu tena, halikuteremka. Aliona aibu, tena aibu kali kuliko ule mwiba.

"Kula, shujaa wangu!" baba yake akasema. "Au limekukwama?"

"Limenikwama, Baba. Wala si wali." Akasimama. "Wazee wangu, aliyelia kumbini si Nguchiro. Ni mimi."

Nguchiro akaruka, bakuli likaanguka, kong'!

"Msimsikilize! Jua limempiga utosini! Nileteeni mtungi niwaonyeshe!"

"Anamtetea mwenzake tu," alisema Tembo. "Ana moyo mzuri, kijana huyu."

"Kaa chini!" Mwinyi Pembe akamnong'oneza mwanawe kwa hasira. "Uniaibishe mbele za watu kwa ajili ya mtoto wa mtwangaji?"

"Kwa ajili ya rafiki yangu, Baba." Kipembe hakukaa. "Mzee Nungunungu! Njoo. Nina sikio la pili."

Mzee Nungunungu aliapa kutosema, hakuapa kutochoma. Alikuja mbio, hata chakula chake akakiacha. Akachomoa mwiba. Safari hii Kipembe hakufumba macho.

Chwi!

"UWIIII! Mama yangu weee!"

Masinia yakaruka. Ndege wa miti yote wakaondoka. Tembo akajishika kichwa.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hiyo! Lo! Na masikio yote haya niliyojaliwa, nimedanganywa na mtungi!"

Kipembe, damu sikioni na machozi mashavuni, akamwendea Nguchiro akalishika birika.

"Nipe. Hii ni kazi yangu."

"Mjinga wewe," Nguchiro akasema, lakini birika akaliachia.

"Kaa mahali pangu."

Kisha Kipembe akaenda uani mwenyewe. Mchi ukanyamaza. Akarudi na Mama Nguchiro, pumba mikononi mpaka kwenye viwiko, mama wa watu anakataa: "Jamani, na nguo hizi za kazi?" Akaketi ukingoni kabisa mwa mkeka.

"Sogea kati, mama," Tembo akamwambia. "Mwanao yuko huku."

Kipembe akapiga magoti, mwili wote ule, akammiminia maji.

"Nawa, Mama. Mwanao alinifichia kilio changu, nami nikakaa hapa nikila sifa zake. Asante. Asanteni nyote wawili."

Mama Nguchiro alinawa huku analia, na hapana mzee aliyemwambia anyamaze.

Mwinyi Pembe alikuwa amevimba shingo. Alimtazama mwanawe, akamtazama mama yule aliyemtwangia miaka yote bila kuketi naye. Mkeka ulikuwa umebana. Akaguna, akasogea kumpisha, akamnyooshea mwanawe mikono yake miwili.

"Na mimi," akasema. "Nimiminie."

Rafiki akikubebea aibu yako kwa siri, mshukuru hadharani.