Jina la Mtoto Aliyesikika kwa Wakati

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuposa na sungura kuwa kadhi, ni zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilipokwisha kupanda milima ya Upare mpaka zikaingia zahanati, palikuwa na mwanamke jina lake Nakiete. Na Nakiete alikuwa mjamzito.

Sogeeni basi. Mwenye chai na anywe, masikio hayashibi kwa chai.

Mimba ile haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilitimiza miezi yake, mtoto akacheza tumboni hadi asubuhi ya uchungu, kisha moyo wake ukachoka kimyakimya na hapakuwa na sikio la kuusikia. Nesi wa zahanati ya Kivindu, Mama Kirumbi, alikuwa peke yake, na kitanda cha pili nacho kilikuwa na mtu. Alipokuja na pembe yake ya mbao ya kusikilizia tumbo, alikuta kimya. Nakiete alirudi nyumbani na khanga zikiwa zimekunjwa vilevile alivyozipeleka.

Basi alipobeba ya pili, mama mkwe wake, Bibi Naelijwa, alimketisha jikoni.

"Mwanangu," akamwambia, "kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Akiwa wa kike, zamu ni yangu. Lakini mimi jina langu nimekwisha kulitumia, limenifaa, halina deni na mtu. Atakayeufanya moyo wa mtoto huyu usikike kwa wakati, zamu yangu nampa yeye. Jina lake ndilo litakaloitwa hapa uani."

"Na akiwa wa kiume, mama?"

"Akiwa wa kiume atajijua na babu yake. Kunywa uji."

Sasa sikilizeni habari ya mtambo. Zahanati ilikuwa imeletewa mkanda wa kufunga tumboni. Ndani ya mkanda mna sikio, na kutoka kwenye sikio unatoka waya wenye kichwa bapa, ule ambao vijana huuita yuesibii. Waya ukichomekwa ubavuni mwa kompyuta, moyo wa mtoto unasikika chumba kizima: du-du, du-du, du-du. Nesi anaweza kuwa na mikono kitanda hiki na sikio kitanda kile.

Jambo zuri. Lakini ndani ya kompyuta kila kifaa kina mtumishi wake wa kupokea mizigo. Mafundi humwita dreva. Hana usukani wala leseni. Kazi yake ni kusimama mlangoni pa waya, kupokea kinachokuja na kukifikisha ndani. Na dreva huyu wa Kivindu alikuwa amelelewa kubeba barua na picha. Barua ikichelewa bado ni barua, ila ikikosa neno imeharibika. Kwa hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja: *Sipotezi kitu! Sipotezi kitu!* Pigo moja la moyo likidondoka njiani, anasimamisha msafara mzima. "Lirudie! Lete tena!" Huku nyuma moyo haumngoji mtu, unapiga, unapiga, na mapigo mapya yanajipanga foleni nyuma ya lile la zamani.

Siku moja Mama Kirumbi alikuwa na mama mwingine mkandani. Mtambo ukipiga du-du, du-du, kwa furaha kabisa. Akaweka pembe yake tumboni, kusalimia tu. Akasikia moyo unakokota miguu! Mtambo unasema mtoto mzima, pembe inasema mtoto anazama. Alimgeuza mama yule upesi, akaita gari, na mtoto akapona kwa jasho. Aliporudi aliuchomoa waya.

"Mtambo gani huu unanisomea habari za tangu sijaenda kuchota maji? Moyo wa nyuma nitaufanyia nini?" Akaufunika khanga kama maiti.

Habari zikashuka mjini, na mafundi watatu wakapanda. Nikundiwe, Mwatumu na Eliwaza. Wanawake watatu waliosoma darasa moja, wakala chungu kimoja, wakagombana kila siku. Kazi yao ni kuandika amri ambazo dreva huzifuata. Walimkuta Mama Kirumbi mlangoni amekunja mikono.

"Karibuni," akasema. "Msiniambie mmeleta mwingine."

"Hatujaleta mwingine, mama. Huyuhuyu tutamfunza adabu," akasema Nikundiwe. Na Nikundiwe ndiye aliyeanza.

"Mama Kirumbi, umewahi kutwanga watatu kwenye kinu kimoja?"

"Mimi mtoto wa wapi hata nisitwange?"

"Mchi wako ukikosa zamu, unafanyaje?"

"Naiacha ipite. Nikiushusha ili nifidie nitampasua mwenzangu vidole."

"Basi dreva wenu ndivyo anavyopasua watu vidole. Anafidia."

Akakaa, akaandika, akamfunza dreva wimbo mpya: *Kilichopita kimepita, leta kinachokuja!* Pigo likidondoka, asilirudie. Aweke kimya kidogo mahali pake, asonge mbele. Wakauchomeka waya, mkanda ukiwa tumboni mwa mama mjamzito aliyekuja kupimwa. Na kweli, pembe na mtambo vikasema neno moja kwa wakati mmoja.

Lakini lo! Sauti ilikuwa na matundu kama shuka iliyoliwa na panya. Du... du-du... kimya... du.

Mwatumu akacheka. "Umeleta sauti au umeleta kichujio cha nazi?"

"Angalau ni ya sasa hivi!"

"Ya sasa hivi, nusu. Hebu nipishe."

Mwatumu akatazama njia. Akaona mlango wa waya una msongamano: mashine ya kuchapa imo, kamera imo, na vijiti vya kuhifadhia mafaili vinachomekwa na kila apitaye. Wote wanasukumana, na moyo wa mtoto, kwa udogo wake, unakanyagwa. Akamwendea mlinzi wa mlango wa waya, yule anayegawa nafasi ndani ya kompyuta, akamwandikia agizo: "Kila saa yako ya ndani ikigonga, nayo hugonga mara nyingi kwa sekunde, nafasi ya moyo itengwe kwanza. Anayebeba mafaili angoje, mafaili hayafi. Na kama nafasi haipo, sema mapema kwamba haipo, usipokee mgonjwa kisha ukamtupa njiani."

Matundu yakapungua. Yakapungua, hayakwisha. Kila kompyuta ilipopata shughuli nyingine nzito, sauti ilikatika.

Eliwaza alikuwa pembeni tangu asubuhi. Alikuwa amekaa chini anamenya ndizi za Mama Kirumbi, maana aliona zinangoja.

"Eliwaza, umekuja kupika?" Mwatumu akamchokoza.

"Dreva wenu ana kikapu kimoja," akajibu. "Anapokea, anakimbia ndani kumwaga, anarudi. Akiwa ndani, pigo linafika, halikuti mtu, linamwagika chini. Nafasi mmempa, chombo hamkumpa."

Akanawa mikono. Akaamuru vikapu vitupu vipangwe foleni mlangoni kabla mzigo haujafika. Kimoja kikijaa kinaingia ndani, kikishamwagwa kinarudi mkiani mwa foleni. Alipopanga vingi, sauti ikanyooka kama uzi, lakini Mama Kirumbi akaweka pembe akasema, "Eh! Umeanza kuchelewa tena." Maana vikapu vikiwa vingi, cha kwanza kinazeeka kabla hakijamwagwa. Akapunguza. Vikawa vichache mno, matundu yakarudi. Akaongeza, akapunguza, wenzake wakasinzia, wakaamka, naye bado, mpaka ikawa sauti haikatiki wala haichelewi. Ndizi wakazila zimepoa.

Hawakuondoka. Barabara ilikuwa ikiteleza kwa mvua, na heri iliteleza.

Kwa kuwa asubuhi iliyofuata Nakiete alifika, ameshika kiuno, Bibi Naelijwa nyuma yake na kapu la khanga. Kitanda cha pili kilikuwa na mama ambaye mtoto wake amekwisha kuchungulia dunia. Mama Kirumbi akamfunga Nakiete mkanda, akarudi kitanda cha pili. Du-du, du-du, du-du. Bibi Naelijwa akaketi, macho yake yapo kwenye ile kompyuta kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Mara akaingia karani wa zahanati, mwenye haraka zake, akachomeka kijiti chake, akaagiza mashine ichape ripoti, kompyuta ikaanza kuhema. Mlinzi wa mlango akayaambia mafaili yangoje. Ndani dreva akashughulishwa, lakini vikapu vilikuwa mlangoni. Pigo moja hata hivyo likadondoka. Dreva akaliacha, akaweka kimya, akapokea lililofuata.

Na lililofuata lilikuwa zito. Du... du. Du... du.

"Nesi!" Bibi Naelijwa akapiga ukelele. "Anakokota!"

Mama Kirumbi aligeuka, mtoto wa kitanda cha pili tayari analia mikononi mwake. Akamkabidhi Eliwaza aliyekuwa amesimama mlangoni, akaruka. "Geuka ubavu wa kushoto, mwanangu. Geuka! Vuta pumzi." Kimya kilikaa katikati ya pigo na pigo, na Nakiete akakitambua kimya kile. Akamshika mama mkwe mkono mpaka kucha zikaingia.

Du... du. Du-du. Du-du, du-du.

"Amerudi," akasema Mama Kirumbi. "Gari! Asituone tunangoja aondoke tena."

Gari la wagonjwa likateremka nao hospitali, Nakiete akapasuliwa, na akatoka binti mwenye sauti ya kuuza samaki.

Siku ya kumtoa mtoto nje, uani kwa Bibi Naelijwa watu walijaa. Bibi akasimama na kusema, "Zamu yangu nimeitoa. Ni zamu moja, wala sitaikata vipande. Semeni, mafundi."

Nikundiwe akasema: "Bibi, kabla yangu mtambo ulikuwa ukitangaza moyo wa nyuma. Wenzangu wangepanga vikapu hadi kesho, ungesikia vizuri kabisa mtoto aliyekwisha kwenda. Mimi ndiye niliyemfunza dreva kuacha."

"Kuacha!" Mwatumu akadakia. "Shoga, unaomba jina kwa kutupa vitu? Bibi, siku ile karani alichapa ripoti. Nisingetenga nafasi, moyo ungekanyagwa, na yeye angekuwa na wimbo wake mzuri wa kilichopita kimepita, na kweli kila kitu kingepita!"

Watu wakacheka. Nikundiwe naye akacheka, ingawa hakutaka.

"Na wewe?" Bibi Naelijwa akamtazama Eliwaza.

"Mpeni jina mnalopenda," akasema Eliwaza. "Mimi nipeni nimbebe tu."

"Usijifanye mtakatifu," Mwatumu akamwambia. "Sema."

"Haya. Nafasi bila chombo ni mlango wazi wa nyumba isiyo na mtu. Pigo lile zito lilimkuta nani mlangoni? Lilikuta kikapu changu. Nimesema. Sasa nipeni mtoto."

Mama Kirumbi akanong'ona kwamba wa kwanza ndiye, maana bila yeye angeufunika mtambo hadi leo. Karani, kwa aibu yake, akasema ni wa pili. Wanawake waliotoka kutwanga wakasema wa tatu, maana wao wanajua kinu bila chombo cha kupokelea unga ni kelele tupu. Uani pakawa na mabaraza matatu.

Nakiete akasimama, mtoto kifuani, akalisogeza sikio lake mdomoni pa Bibi Naelijwa, kwa kuwa kwao jina hutamkwa na mwenye zamu kwanza, polepole, mtoto alisikie kabla ya watu. Mtoto akafumbua macho.

Haya, wajukuu zangu, mdomo wa bibi umefunguka na mtoto anangoja. Nikundiwe aliyeacha, Mwatumu aliyetenga, au Eliwaza aliyepanga: je, nani alistahili kuitwa ndani ya sikio lile?