Buibui wa Apolonia

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakimsema chawa peke yake. Walimsema pia adui tunayempa kivuli na maji, huku tukitoka mbio kwenda kumtafuta kwa jirani. Apolonia wa Maganzo aliijua methali hiyo tangu darasa la pili, lakini kuijua methali si kuikumbuka siku ya hasira.

Miaka hiyo ya hamsini mumewe, Athanas, alikuwa na kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Apolonia, mwenye mimba yake ya kwanza, alilima bustani ya nyanya karibu na lambo. Nyanya zake zilikuwa nyekundu kama shanga za manju siku ya ngoma, na mpishi mmoja wa Mwadui alizisubiri kila wiki. Siri yake haikuwa samadi, ilikuwa buibui. Wenzake waliwafagia, yeye aliwalea na kuwapa majina. Yule wa mistari ya njano na nyeusi, akaaye katikati ya utando akiwa amepanga miguu miwili miwili, alimwita Bi Harusi, kwa sababu aliudarizi utando wake kwa uzi mweupe wa kupindapinda. Yule mdogo, mgumu, mwenye miiba mgongoni, alikuwa Kigoda. Na yule mweupe aliyejibanza ndani ya ua akivizia nzi alikuwa Mwenda Kimya. Hao ndio waliowanasa nondo kabla hawajataga mayai ya viwavi kwenye nyanya.

Jirani yake alikuwa Euphrasia, ambaye mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Geita na hajarudi. Wanawake hawa walikuwa kama chanda na pete. Kila asubuhi walitegana vitendawili juu ya uzio wa minyaa.

“Kitendawili!” Euphrasia aliita.

“Tega!”

“Mvuvi wangu havui ziwani.”

“Buibui! Huyo wa kwangu, shoga, tega kingine.”

“Haya. Nyumba ya fundi wangu ni ya tope. Wageni huingia, hawatoki.”

Apolonia akakuna kichwa. “Kaburi?”

“Wapi! Kaburi lina fundi? Nipe mji.”

“Sikupi! Nitakitegua tu.”

Tangu apate mimba Apolonia alitamani udongo, na hakuna udongo uliomkolea kama ule wa viota vitupu vya nyigu: laini, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Viota, vitupu na vipya, vilijaa chini ya upenu wa nyumba yake. Siku moja Athanas alishika fimbo ili aviangushe.

“Thubutu!” mkewe alimkemea. “Mwanao ndiye anayevililia.”

Basi, asubuhi moja Kigoda hakuwepo. Kesho yake Mwenda Kimya naye akatoweka. Kisha watoto wa Bi Harusi wakaanza kupungua mmoja mmoja, na tando zao zimebaki nzima, zikimeta kwa umande! Apolonia akafikiri hadi kichwa kikamgonga. Kuku angeziparura. Mjusi angezichana. Ndege angeacha tundu. Anayemnyofoa buibui bila kukata uzi lazima awe na vidole! Na vidole vya nani, kama si vya Euphrasia, aliyepanda nyanya zake juzi tu na kila siku anachungulia uzioni?

Viwavi wakaingia nyanyani. Mpishi akarudisha kapu zima. Apolonia akawaka kama moto wa kiangazi, akaenda moja kwa moja kwa Mama Selestine, kiongozi wa kikundi cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu.

Jumamosi kikundi kilikutana barazani kwa Apolonia. Mawingu yalikuwa yamejaa, na zamu iliyofuata ilikuwa ya shamba la pamba la Euphrasia.

“Euphrasia, jitetee,” alisema Mama Selestine.

“Nijitetee nini, mama? Niibe buibui nikawapeleke wapi? Nikawaunge kwenye mlenda?”

Wanawake wakaangua kicheko.

“Chekeni tu!” Apolonia alifoka. “Leo atoke yeye kikundini, au nitoke mimi!”

Kicheko kikakatika. Radi ilinguruma upande wa Shinyanga. Euphrasia alitazama mawingu, kisha akamtazama shoga yake. “Mvua hiyo inakuja, Apolonia, na mimi nina jembe moja. Kweli unanifanyia hivi?”

Hasira ilimwamshia Apolonia hamu ya udongo. Akainuka, akapeleka mkono upenuni, akabandua kiota bila kuchagua na kukivunja ili atafune. Kitu laini kikamwangukia kiganjani. Kikafuata kingine, na kingine!

“Mayu wane! Mama yangu!”

Alikuwa Kigoda! Chini yake Mwenda Kimya, na watoto wa Bi Harusi wamebanana kama dagaa guniani. Hawakuoza. Miguu yao ilitikisika, ila hakuna aliyeweza kupiga hatua. Katikati yao alijilaza funza mweupe, mnene kama mwali aliye ndani, akiwala polepole.

“Wako hai!”

“Wamelogwa!”

“Sogea na mimi nione!”

Wanawake walipokuwa wakisukumana, nyigu mwenye kiuno chembamba kama uzi akapita vuuu juu ya vilemba vyao, amembeba chini ya tumbo buibui aliyemlegeza kwa mwiba wake, akazama naye katika kiota kipya. Nyuma yake akaja mwingine na donge la tope bichi. Walimtazama alikotoka: kwenye mitaro ya nyanya, palepale Apolonia alipomwagilia maji asubuhi.

“Tope la bustani yangu,” Apolonia alinong'ona. “Chini ya paa langu. Na Athanas nilimkataza kwa mdomo wangu huu!” Machozi yakamlengalenga. Ghafla akashtuka. “Euphrasia! Fundi wako wa nyumba ya tope ni nyigu!”

Euphrasia akashika kiuno. “Masikini mimi! Nimekitega kama alivyonitegea mama, wala sikuwaza buibui wako. Lakini umechelewa, shoga. Nipe mji.”

“Nisamehe. Nakupa Shinyanga nzima!”

“Shinyanga nitaiweka wapi na mvua hii? Nipe jembe lako.”

Apolonia aliingia ndani mbio, tumbo mbele, akatoka na jembe begani. Alikuwa wa kwanza kufika shambani kwa Euphrasia, kikundi kizima kikimfuata kwa nyimbo na vigelegele. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka, alikuwa anavunja tuta la tatu, na kila aliyepita na jembe lake alimwinamia sikioni akicheka: kikulacho, mwenzangu, ki nguoni mwako.