Nungunungu Asiye na Miiba

Atupele, mke wa mjukuu wangu, jana nilikuona sokoni. Yule mama muuzaji alipokupa nungunungu wa kitambaa wa kuchezea mwanao, alimminya kwanza, kisha akamviringisha shavuni mwake polepole, ndipo akakukabidhi. Nawe ulipokata kona ukamtoa kikapuni, ukamfuta kwa ncha ya kanga. Sikukasirika, na wala usiinamishe kichwa. Kwenu Mbeya hamna desturi hiyo, na mgeni hasutwi kwa asilolijua. Lakini kwa kuwa leo mmekaa wote hapa mnanisaidia kujaza mito, na kazi ya sufi inataka mikono tu, masikio yenu nayaazima.

Ulikuwapo wakati ambapo hapa Kwemsufi, sawa na kwingine kote, kitu cha kuchezea mtoto kilikuwa kigumu. Wasichana walibeba mtoto wa gunzi mgongoni, wavulana waliburuta gari la mabua, na mwenye baba seremala alichongewa ng'ombe wa mti. Vilifaa mchana. Wakati wa kulala vilibaki nje ya mlango, maana hakuna mtoto awezaye kulalia gunzi akaamka na uso wake salama. Misufi ilikuwapo tele kama ilivyo leo, na matunda yake yakipasuka njia nzima ilikuwa nyeupe. Lakini sufi ilikuwa ya magodoro na mito ya watu wazima. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba hata mtoto anaweza kushonewa kitu laini cha kwake mwenyewe.

Katika kichochoro cha washona magodoro aliishi binti mmoja, Somoe, mwana wa mzee Semkiwa. Homa ya utotoni ilimwacha na miguu isiyombeba, na mkono wa kulia usioinuka kupita kifua. Alisogea kwa kujivuta juu ya kipande cha ngozi ya mbuzi alichojifunga kiunoni, na siku za safari alipandishwa kwenye mkokoteni, akakaa juu ya magodoro kama bi harusi. Watu wa hapa hawakuwa wabaya. Walikuwa na huruma nyingi mno tu, na huruma ikizidi huwa tusi. Wakipita mlangoni kwake walisema, "Masikini Somoe," utadhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Yeye aliwajibu kwa upole, "Hujafa hujaumbika, mama. Umeniletea shati la kushona, au umeniletea masikini peke yake?"

Maana Somoe alikuwa fundi. Cherehani za siku zile zilitaka miguu, kwa hiyo alishona kwa sindano, kwa mkono wa kushoto, kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya mapaja yake. Mshono wake ulikuwa wa karibu karibu na haukufumuka. Tatizo lake lilikuwa sindano. Mafundi wengine walizichomeka kwenye ukosi wa shati au walizibana kwa meno, na ikianguka moja fundi aliinuka akaitafuta. Somoe ikimwanguka ilikuwa imekwenda. Basi akachukua mabaki ya kitambaa cha kahawia, akashona kimto cha kuchomekea sindano, akakijaza sufi. Alipokiona kimekaa bonge tu, akakitia pua ndogo, macho mawili ya uzi mweusi na vijiguu vinne. Akachomeka sindano zake zote mgongoni, akawa ametengeneza nungunungu.

Mafundi wa mjini walicheka sana, na walipomaliza kucheka kila mmoja alimtaka wa kwake. Somoe hakuwapa bure, maana alijua kicheko hakijazi chungu. Haukupita muda, manungunungu ya Somoe yakawa yanapanda mkokoteni hadi stesheni na kwenda kwa mafundi wa miji mingine.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee Shebughe, mshona magodoro. Masika moja mzee huyu alimzika binti yake, akabaki na mjukuu, Mishi, kitoto kilichokuwa kimeanza tu kusema sentensi nzima. Mishi aliacha kulala. Akifumba macho alishtuka na kupapasa mkeka akimtafuta mamaye. Babu alimpa mtoto wa gunzi, akamtupa. Alimpa mto, ukawa mkubwa kuliko yeye. Mtoto alikonda hata watu wakaanza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba huyu naye anamfuata mama yake. Mzee akipiga sufi mchana alikuwa akimweka Mishi mkekani kwa Somoe, ili angalau awe na mtu wa kumtazama.

Siku moja Mishi alimvuta yule nungunungu wa sindano. Somoe alitaka kumkataza, lakini alimwona anavyofanya, akamwacha. Mtoto alikuwa anang'oa miiba, mmoja mmoja, kwa adabu, anaipanga ukingoni mwa mkeka. Alipong'oa wote alimpapasa mgongo, akamwambia, "Sasa huumi." Akamweka shavuni, akalala. Alilala mchana ule mpaka alasiri, na mzee Shebughe alipokuja kumchukua alisimama mlangoni akalia bila kujificha. Somoe hakumnyang'anya mtoto nungunungu wake. Alishona kimto kingine cha sindano, na akaanza kuwaza.

Akina mama wakamwona Mishi anacheza na kunenepa, wakaja kuuliza. Kila aliyekuja aliondoka na wa kwake, nungunungu asiye na miiba, kisha sungura, kisha mbuzi mwenye masikio ya kuning'inia. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo Somoe akawaita wanawake wa kichochoroni: wajane, walioachwa, na mmoja asiyesikia ambaye hakuna aliyewahi kumpa kazi. Mama yangu mzazi alikuwa miongoni mwao. Nilikula utotoni kwa sababu ya Somoe, nilivaa kwa sababu yake, na leo nikilitaja jina lake moyo wangu hujaa. Watu wakaacha kumwita masikini. Wakamwita Bi Somoe.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Hawa wanawake kazi walijifunzia kwenye vimto vya sindano, na mkono una mazoea yake. Mtu akitaka kukata uzi, au kumnyonyesha mtoto, au kufunika chungu, aliichomeka sindano yake kwenye kile alichokuwa anakishona. Kwao nungunungu alikuwa bado ni mahali pa sindano. Bi Somoe mwenyewe alifanya hivyohivyo. Ilipokaribia Idi kila nyumba ilitaka mdoli wa mtoto, na kazi ikawa ya mbio. Haraka haraka haina baraka. Nungunungu wa kwanza wa Mishi alikuwa amechakaa, na Bi Somoe akamshonea mpya kwa mkono wake. Akamminya pande zote, hakuhisi kitu, akampa.

Mchana wa Idi, watu wamekwisha kula, Mishi alijilaza na nungunungu wake, akaamka kwa ukelele. Sindano ilikuwa imezama ndani ya sufi, na alipomlalia ikatoka, ikamwingia shavuni, chini kidogo tu ya jicho. Mzee Shebughe aliichomoa. Kisha akaenda kwa Bi Somoe, akaiweka kiganjani mwake. Bi Somoe hakuhitaji kuuliza ya nani. Ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, kama zilivyopinda sindano zote za mkono ule wa kushoto.

Habari ilizunguka mji kabla ya magharibi. Kesho yake asubuhi midoli ilianza kurudi. Wengine waliirudisha kwa salamu, wengine waliitupa barazani wakapita. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtu mwenyewe hajiwezi, nasi tukampa watoto wetu." Na lile jina la zamani likarudi nalo: masikini Somoe. Wanawake wake walikaa ukutani mikono mapajani. Bi Somoe aliwaambia wafungashe vitu vyao. Alisema atarudia mashati ya watu, na sufi irudi kwenye magodoro.

Hapo ndipo mzee Shebughe alipofika, amemshika Mishi mkono, mtoto ana kitambaa kimebandikwa shavuni. Mishi hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile rundo, akachakura mpaka akampata wake.

"Mwache, mwanangu," Bi Somoe akamwambia. "Huyo anauma."

"Haumi," Mishi akasema. "Sindano ndiyo iliyouma."

Mzee Shebughe akakaa kizingitini. "Somoe binti yangu, sikuja kukulaumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huyu mtoto jana hakulala, na akikosa kulala mimi nitampoteza. Lakini siwezi kumrudishia huyu mdudu mpaka mtu aniambie kwa hakika kwamba hamna nyingine ndani."

Bi Somoe alimpokea nungunungu, akamminya. Hakuhisi kitu, kama ambavyo hakuhisi mara ya kwanza. Akavitazama vidole vyake. Miaka yote ile ya sindano ilikuwa imeviotesha sugu, vigumu kama unyayo, na kitu chembamba kingeweza kupita chini yake bila yeye kujua. Vidole vya wanawake wake wote vilikuwa hivyo. Basi akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alimweka nungunungu shavuni mwake, akamkandamiza kwa nguvu, akamviringisha kuanzia sikioni hadi puani, akamgeuza, akarudia upande wa pili. Kisha akamwambia Mishi, "Mchukue. Huyu ni salama."

Watu walikuwa wamejaa kichochoroni. Bi Somoe akajivuta hadi kwenye rundo, akachukua sungura, akamviringisha shavuni, akamweka pembeni. Akachukua mbuzi. Akachukua mwingine, na mwingine, na shavu lake likawa jekundu. Kisha akashtuka, na damu ikamchuruzika hadi kidevuni. Akaupasua ule mdoli, akachomoa sindano, akainyanyua watu waione.

"Bi Somoe, basi," mama yangu akamwambia. "Tuichome moto yote, yaishe."

"Watoto wenu wana mashavu laini kuliko langu," akasema Bi Somoe, na hakupandisha sauti. "Kitakachomchoma mtoto, na kinichome mimi kwanza." Akachukua mwingine.

Mama yangu alikaa chini kando yake, akachukua sungura, akamweka shavuni. Yule asiyesikia akafuata, kisha wote. Hawakuacha hadi rundo lilipokwisha. Wale waliorudisha midoli walisimama wakitazama, kisha mmoja akainama akauchukua wa mwanawe, na mwingine naye. Yule mama mwenye maneno alikuja mwisho. Bi Somoe alimpa wake kwa mikono yote miwili, na ule wa kulia, usioinuka, aliuinua kwa msaada wa wa kushoto.

Bi Somoe aliishi hadi uzeeni, na kazi yake ikalisha nyumba nyingi kuliko shamba lolote la hapa. Alipofariki, Mishi alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Wanawake walipomaliza kumwosha, kabla sanda haijafungwa usoni, Mishi aliomba nafasi. Akainama, akaweka shavu lake lenye kovu juu ya lile shavu lenye kovu, akaliviringisha polepole upande huu na upande huu. Nilikuwapo. Alisema, "Nenda, Shangazi. Hakuna kitu cha kukuchoma."

Na tangu siku zile, nungunungu wa Kwemsufi hana miiba, na hakuna mdoli unaotoka mkononi mwa mtu hapa kabla haujapita shavuni mwake. Wageni husema tunaibusu. Waache waseme. Nyinyi mliozaliwa hapa mmelala miaka yenu yote ya utoto mkiwa mmekumbatia sufi, na hakuna aliyeamka akilia damu.

Basi, Atupele, mlete huyo wako. Lile shavu la yule muuzaji wa jana umelifuta, kwa hiyo tuanze upya. Nitampitisha shavuni kwangu kwanza, halafu wewe. Usione haya, kandamiza. Sasa mpelekee mwanao, naye akifumba macho, sema "Ahsante, Bi Somoe." Hata kimoyomoyo inatosha. Sisi sote husema hivyo.