Mikono Sita Nyuma ya Kiti cha Nyamizi

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yangu ni ya majuzi tu, ndege zilikuwa zinaruka na watu walitembea na simu mbili mbili mfukoni, ila akili walikuwa wameziacha nyumbani. Kaeni niwape kesi. Mimi imenishinda, nyinyi mnaojiona mahakimu nitawasikia.

Palikuwa na mama mmoja Mwanza, mjane, fundi cherehani, jina lake Nyamizi. Miguu yake iliacha kazi miaka mingi nyuma, akawa anakwenda kwa kiti cha umeme, kiti kizito cha kilo tisini chenye kifimbo kidogo upande wa mkono wa kulia. Akikisukuma kile kifimbo mbele, kiti kinakwenda. Akikivuta, kinarudi. Kwa kiti hicho alikwenda sokoni, alikwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kumsukuma.

Binti yake Wande alikuwa anaagwa kabla ya ndoa yake, Dar es Salaam, Jumamosi jioni. Desturi mnaijua: matarumbeta yakilia, mama mzazi anaingia ukumbini peke yake, anacheza mpaka mbele, anamvika mwanawe khanga. Sasa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alikuwa ameuliza kama mama hawezi kubaki Mwanza akaangalia kwenye simu, maana kuingiza mgonjwa ukumbini kutawatia wageni simanzi. Maneno hayo yakamfikia Nyamizi. Wiki tatu akajifunza uani kwake, kiti kushoto, kiti kulia, kiti mbele, kwa mpigo wa tarumbeta. Alitaka kuingia mwenyewe mbele ya shangazi yule. Hilo tu.

Siku nne kabla ya safari akapiga simu ofisi ya shirika la ndege Dar es Salaam, akapokewa na karani mmoja, Tesha. Akamtajia uzito wa kiti, urefu na upana wake, akamwambia betri ni kavu, haivuji. Akamwambia chini kuna kishikio chekundu, ukikivuta magurudumu yanaachia na kiti kinasukumika kama toroli. Akaomba wapakuaji waambiwe. Tesha akamjibu, "Usiwe na shaka, mama, nimeshaliweka kichwani."

Kichwani! Watu wanaandika mpaka majina ya waliokunywa chai ofisini, yeye kilo tisini za watu kaziweka kichwani. Zikakaa humo humo. Hakuna mpakuaji aliyeambiwa neno, na Nyamizi hakupigiwa tena kuulizwa.

Jumamosi asubuhi, uwanja wa ndege wa Mwanza, Nyamizi akahamia kwenye kiti cha uwanjani, akakiandaa chake. Akatoa mto, akafungua vikanyagio, akavitia kwenye begi lake la mkononi. Akachomoa waya wa betri. Kifimbo akakiviringishia sponji. Mgongoni akabandika kadibodi yenye herufi kubwa: USILAZE. VUTA KISHIKIO CHEKUNDU, SUKUMA. Mtu ambaye hangeelewa hapo labda angekuwa mbuzi.

Kisha akapelekwa kukaguliwa, na kiti kikabaki na shemeji yake, Malale, kaka wa marehemu mumewe, aliyekuwa anakwenda kusimama mahali pa baba wa bibi harusi. Malale huyu alifunga mizigo stendi ya mabasi miaka ishirini. Kwake yeye, mzigo usio na kamba uko uchi. Basi akatoa salfeti mbili, yale magunia ya plastiki, akatoa utepe wa gundi, akatoa kamba ya katani, akafunga. Akafunga kifimbo, akafunga kishikio chekundu, akafunga na kadibodi. Nyamizi hakuulizwa. Alipokiona kiti kupitia kioo kinapita juu ya mkokoteni kama gunia la dagaa, akauliza, "Shemeji, maandishi yangu yako wapi?"

"Yako ndani, shemeji. Hayatalowa."

Mtu atakayesimama mahali pa baba jioni, humgombezi asubuhi. Wakafika kwenye ndege, mashine ya kupandishia abiria imeharibika, Malale akambeba mgongoni ngazi zote bila kuhema. Hapo napo Nyamizi hakuulizwa, lakini bila mgongo ule asingesafiri.

Dar es Salaam kulikuwa na mpakuaji, Ngwali. Ngwali akaona furushi kubwa lisiloviringika, lisilo na maandishi. Mwenye mali alikuwa amekaa kwenye kiti cha uwanjani, hatua kumi kutoka pale, anamtazama. Ngwali hakumuuliza. Akalilaza ubavu, akaliburura, kifimbo kikakatika, magurudumu yakapinda. Akasikia mlio, akafungua salfeti, akaisoma kadibodi. Wakati huo ndipo ilipopata msomaji.

Sifa yake nimpe. Hakukimbia. Alikwenda mwenyewe akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekivunja." Akaazima bisibisi, akakaa sakafuni saa mbili nzima. Kifimbo hakikupona, ila magurudumu yaliyokuwa yamepinda aliyanyoosha. Kiti kikawa kinasukumika, hakiendeshwi tena. Nyamizi akaweka mto wake, akakaa, akashika kile kisiki cha kifimbo.

Habari zikamfikia Tesha, kile kichwa kikakumbuka. Akafunga ofisi, akatafuta gari la kubebea magodoro lenye ubao wa kupandishia, akawapakia wote, Ngwali naye akiwamo, yeye akakaa mbele akimwelekeza dereva njia za mkato. Wakafika mlangoni mwa ukumbi saa kumi na moja kasoro. Bila yeye, wangekuta watu wanaosha sahani.

Mshereheshaji akatoka nje, akaelezwa. Akasema basi aliyemfikisha mama ndiye atakayemwingiza, na atafungwa kitenge kipya kiunoni mbele ya wageni wote. Loo, mngeona wanaume wale! Mikono sita ikarukia vishikio viwili vya mgongoni mwa kiti.

Malale akasema yeye ndiye ndugu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, na salfeti aliifunga kwa mapenzi, kosa lake ni kujali kupita kiasi. Ngwali akasema salfeti ndiyo iliyomponza, na kama si bisibisi yake mama angeingia amebebwa kama kabati. Tesha akasema kiti kizima au kibovu kingekuwa kazi bure nje ya muda, na gari nani alilitafuta? Tena akaongeza kwamba kusahau si kuvunja. Wakavutana. Kiti kikayumba na mama wa watu juu yake.

Nyamizi akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. "Nyinyi watatu mnagombea kunisukuma," akasema. "Mimi asubuhi nilikuwa sihitaji kusukumwa."

Wakaviachia vishikio. Ndani matarumbeta yakaanza. Wande alikuwa amesimama mbele anatazama mlango, na shangazi yule alikuwa amekaa safu ya kwanza, shingo ameigeuza tayari. Nyamizi akapangusa macho kwa pindo la khanga ya mwanawe, akanyoosha mgongo, akachagua mmoja. Akaingia. Nilikuwepo, namjua aliyemchagua, na sisemi.

Ngwali alivunja kwa mikono yake, akakiri, akatengeneza. Malale alifunika maneno ya mama, akampa mgongo wake. Tesha aliambiwa kila kitu kabla ya wote, akasahau, akaokoa muda. Na wewe unayetaka kukwepa, useme hakuna hata mmoja, nieleze kwanza mama huyu aingieje, maana matarumbeta hayasubiri na shangazi anatazama.

Je, nani alistahili kushika vile vishikio?